Soma Ukuta Kabla ya Kuupaka Rangi: Kwa Wewe Unayeanza Sanaa ya Mtaani

Ukuta wa kwanza niliopewa kwa ruhusa niliuharibu kabla sijachora hata mstari mmoja. Ulikuwa ukuta mrefu wa uchochoroni, mwenye ukuta alikwishakubali, nami nikadamka na rola na ndoo ya praima nyeupe, yaani rangi ya kwanza ya kutandika ukutani. Upande wa kulia palikuwa na maandishi hafifu, mengine ya mkaa, mengine ya rangi iliyopauka. Nikadhani ni uchafu tu, nikayapitishia rola. Jioni mama mmoja mtu mzima akaja akasimama, akautazama ukuta kwa muda, kisha akaniuliza, "Majina yamekwenda wapi, mwanangu?"

Yalikuwa majina ya vijana wa mtaa ule waliofariki, wenzao wakiyaandika moja moja kwa miaka. Mwenye ukuta hakuishi pale, kwa hiyo hakujua. Mimi nilikuwepo tangu asubuhi na sikuuliza mtu. Nilichukua daftari nikamwomba anitajie. Alikumbuka kumi na moja. Mawili hayakumjia, na majirani tuliowagongea milango jioni ile hawakuyakumbuka pia. Nikayaandika upya yale kumi na moja kwa brashi, nikaacha nafasi mbili tupu.

Vijana wanaonijia kutaka kujifunza huanza kwa kuuliza aina ya kopo la rangi ya kupuliza, aina ya kichwa chake, na jinsi ya kupata kazi za kulipwa. Hayo nitayagusa. Ila ningependa uanze na jambo ambalo mimi nilijifunza kwa aibu: anayeuona mchoro wako mtaani hakuja kuuona. Hakulipa kiingilio wala hakuchagua. Anawahi kazini, ana mtoto mkononi, na kesho atapita hapohapo tena. Mchoraji wa mtaani anaingia kwenye macho ya watu, na anayeingia kwa watu hupiga hodi.

Sasa tuweke majina sawa, maana mengi yanachanganywa. Watu huita kila kilichopo ukutani "grafiti". Kwa wenyewe, grafiti ni herufi, na hasa ni jina. Hii tunayoijua leo ilichipuka Philadelphia mwishoni mwa miaka ya 1960, ambako kijana aliyejiita Cornbread aliandika jina hilo karibu kila alikopita. Ikashika New York, ambako tarishi mmoja kijana aliyejiandika TAKI 183 alienea mji mzima hadi gazeti la New York Times likaandika habari zake Julai 1971. Hiyo 183 ilikuwa namba ya barabara aliyoishi. Jina na mtaa, basi. Kijana ambaye mji haumtazami anasema yupo na anatoka mahali fulani. Ukilielewa hilo hutadharau hata saini iliyochorwa vibaya mlangoni, japo huna haja ya kuiiga.

Grafiti mara nyingi huzungumza na waandishi wenzake. Mpita njia hawezi kuzisoma zile herufi zilizosukwa, wala haikukusudiwa aweze. Mchoro mkubwa wa ukutani unazungumza na kila mtu, na huo ndio uzito wake. Kuna stensili, yaani umbo lililokatwa kwenye karatasi ngumu kisha likapuliziwa rangi: Mfaransa Blek le Rat alijaza panya kwenye kuta za Paris kwa njia hiyo kuanzia 1981, na wengi wamefuata nyayo zake. Kuna karatasi zinazochorwa nyumbani na kubandikwa kwa gundi ya unga. Onja kila kimoja, halafu kaa na kimoja kwa miaka miwili au mitatu. Na hata kama hutaki kabisa kuandika jina lako ukutani, fanya mazoezi ya herufi daftarini kila siku. Herufi zinafundisha mkono kuliko nyuso. Uso ukipinda kidogo watu watasema ni mtindo. Herufi ikipinda kila mtu anaona.

Zamani zaidi kidogo, Mexico ilipotoka kwenye mapinduzi, serikali ya miaka ya 1920 iliwaajiri wachoraji wachore historia ya nchi kwenye kuta za majengo ya umma, kwa kuwa wananchi wengi hawakujua kusoma. Diego Rivera, José Clemente Orozco na David Alfaro Siqueiros ndio waliovuma. Nataka umjue Siqueiros kwa sababu ya ukuta mmoja. Mwaka 1932 alipewa kazi Los Angeles, achore "Amerika ya tropiki", na waliomwita walitarajia minazi na ndege wa rangi. Akachora Mhindi Mwekundu amesulubiwa msalabani, juu yake tai, nembo ya Marekani. Haukupita muda mrefu kazi ikafunikwa kwa rangi nyeupe. Miongo kadhaa baadaye ile nyeupe ikaanza kubanduka yenyewe, picha ikachungulia. Wahifadhi wakaifanyia kazi kwa miaka mingi, na mwaka 2012 ikafunguliwa tena kwa watu, imepauka lakini inaonekana.

Nikiwasimulia wanafunzi, huwa wanafurahia ile nyeupe kubanduka. Mimi huwarudisha nyuma, kwenye siku ya makubaliano. Anayekulipa ana picha kichwani mwake, wanaoishi mbele ya ukuta wana yao, na wewe una yako. Usipoziweka zote mezani kabla ya kuanza, zitagombana ukiwa juu ya ngazi. Wakati mwingine utaamua, kwa dhamiri yako, kuchora kile ambacho mlipaji hakutaka. Hiyo ni haki ya msanii, nami siwezi kukuzuia. Ila ujue unachokifanya, na ujue kuwa gharama unaweza kuilipa wewe.

Upo upande mwingine wa jambo hili ambao ulinichukua miaka kuuona. Mchoro mzuri hupandisha sura ya mtaa, na mtaa ukipanda sura, kodi nayo yaweza kupanda, na waliokushikia ngazi wakahama. Mchoraji wa Italia anayeitwa Blu aliliona hilo Berlin. Michoro yake miwili mikubwa ya mtaa wa Kreuzberg ilikuwa imegeuka kivutio, na mwishoni mwa 2014 ikapakwa rangi nyeusi yote kwa ridhaa yake mwenyewe, kiwanja kilipokuwa kinaandaliwa kwa ujenzi. Mwaka 2016 akafuta kazi zake za miaka mingi kule Bologna, kupinga maonyesho yaliyong'oa michoro kutoka kuta za mji na kuipeleka ndani ya jumba. Sikuambii ufanye kama yeye. Ila ukipewa kazi yenye malipo mazuri kwenye mtaa wa watu wa hali ya chini, uliza nani analipa na anataka nini baada ya rangi kukauka. Mimi kazi mbili nimezikataa baada ya kuuliza hivyo, na mojawapo niliihitaji sana.

Kwa upande wa heri, nakupa mifano miwili ninayoipenda. Mwaka 2009 mpiga picha wa Ufaransa, JR, alifunika mapaa ya Kibera, Nairobi, kwa picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake wa palepale, kiasi cha mita za mraba 2,000. Picha zilichapishwa kwenye nailoni isiyopitisha maji badala ya karatasi, ili mvua ikija, paa lisivuje. Mwenye nyumba alipata picha na paa kwa mkupuo mmoja. Na mwaka 2016, mchoraji anayejiita eL Seed alichora maandishi ya Kiarabu kwenye majengo karibu hamsini ya mtaa wa wakusanya taka mjini Cairo. Ukiwa barabarani unaona vipande vya rangi tu. Maneno yanaungana ukiwa juu ya mlima wa Mokattam. Kabla ya yote alikwenda kumwona kasisi wa mtaa ule, kwa sababu bila neno la kasisi, milango isingefunguka. Kila ukuta una mtu wa namna hiyo. Yaweza kuwa mzee, yaweza kuwa muuza duka wa kona, yaweza kuwa kijana anayeogopwa. Mtafute kabla hujamtafuta muuza rangi.

Basi tuje kwenye ukuta wenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwani kazi nyingi za wanaoanza hufa kwa sababu ya ukuta, si kwa sababu ya mchoro.

Ufuate mara tatu: asubuhi, jua la utosini, na baada ya mvua kama ipo. Tazama jua linaupiga saa ngapi na maji yanachuruzika wapi. Pitisha kiganja. Kikitoka na vumbi jeupe kama chaki, rangi yako itashika vumbi hilo na kuanguka nalo. Sugua kwa brashi ngumu, osha, acha ukauke, kisha praima. Ukiona unga wa chumvichumvi chini ya ukuta, maji yanapanda kutoka ardhini, na hapo hata rangi ya bei ghali itavimba. Bandika kipande cha nailoni kwa selotepu kingo zote nne jioni. Asubuhi ukikuta matone ndani, ukuta una unyevu, ngoja. Plasta mpya ngoja mwezi mzima hivi. Mwenye ukuta atakuharakisha. Mweleze kwa upole, na ukishindwa, mbandulie kipande cha rangi iliyovimba mahali pengine umwonyeshe.

Chini kabisa, kimo cha goti, usiweke uso wala jambo la maana. Matope hurukia hapo, watu hukanyaga hapo wakiegemea. Weka rangi nzito ya kuficha. Nyekundu na manjano nyingi hupauka kwanza juani, kwa hiyo usijenge mchoro mzima juu ya nyekundu kwenye ukuta unaochomwa jua mchana kutwa. Rangi ya maji ya nje kwa maeneo mapana, kopo kwa mistari na vivuli: hivyo utaokoa fedha na mapafu.

Na mapafu, ndugu yangu, hayana duka. Kitambaa cha usoni hakizuii mvuke wa kopo. Tafuta barakoa yenye vichungi vya mvuke wa kemikali, vaa hata ukiwa nje, badilisha vichungi ukianza kusikia harufu. Nimewaona wenzangu wakipuuza hili wakiwa na miaka ishirini na wakikohoa wakiwa na arobaini. Kopo litikise dakika mbili baada ya kusikia kigololi kikigonga. Ukimaliza, ligeuze juu chini upulize hadi itoke hewa tupu, kichwa kisizibe. Ngazi ishikwe na mtu, siyo jiwe.

Kukuza mchoro, wengi hupiga miraba kwenye karatasi na ukutani, wakanakili mraba kwa mraba. Njia nyingine, ambayo mimi naipenda kwenye kuta kubwa, ni kuchafua ukuta mzima kwa alama za ovyo (nyota, herufi, mikunjo), kuupiga picha, kisha kwenye simu kuweka mchoro juu ya picha hiyo. Unaona jicho linaangukia kwenye herufi ipi, unakwenda kuchora palepale.

Makaratasi nayapitia haraka, ila yafanye. Ruhusa iwe ya maandishi, imesainiwa, nakala iwe mfukoni siku ya kazi, maana askari akifika hataki hadithi. Andikeni nani anaweza kufuta kazi, kwa taarifa ya siku ngapi, na nani anaweza kuuza picha zake. Huko New York, jengo la 5Pointz lilikuwa limejaa michoro ya miaka mingi, iliyochorwa kwa ruhusa. Usiku mmoja wa Novemba 2013 mwenye jengo akaipaka nyeupe. Wachoraji 21 walikwenda mahakamani chini ya sheria ya Marekani ya 1990 inayolinda kazi za sanaa, na mwaka 2018 wakapewa dola milioni 6.75. Sheria ya kwenu yaweza kuwa tofauti kabisa. Isome, au mwulize anayeijua. Na piga picha nzuri siku unayomaliza, kwa mwanga wa asubuhi, usingoje.

Usipake juu ya kazi ya mwenzako bila kuzungumza naye. Usipake kabisa juu ya kumbukumbu ya marehemu.

Ule ukuta wa uchochoroni bado upo. Mchoro wangu wa upande wa kushoto umekwisha kufutwa mara moja na kuchorwa upya na kijana mwingine, vizuri kuliko mimi. Majina huwa narudi kuyapitishia brashi kila baada ya mwaka mmoja au miwili, yanapoanza kupauka. Mara ya mwisho nilikuta nafasi moja kati ya zile mbili imejazwa kwa mkaa, kwa mwandiko nisioujua, herufi ya mwisho imebanwa kwa kukosa nafasi. Niliifuata kwa rangi vilevile ilivyo, pamoja na ule mbano.