Vazi la Dora Milaje kwa binti wa miaka 10

Mama wa Katuba, hapa Lubumbashi, jambo. Nimekuelewa: binti yako anataka kutokea kama Dora Milaje, wale walinzi wa kike wa mfalme kwenye sinema, katika sikukuu ya shule, nawe hutaki kumaliza franka zote.

Mkuki utangoja. Anza na rangi. Katika sinema ya Black Panther (2018) walinzi hao huvaa nyekundu, shanga kifuani. Tafuta gauni jekundu la mtumba soko la Kenya hapa mjini, fundi alibane kiunoni. Kinacholeta sura hasa ni pete za shingoni. Hapa Lubumbashi wengi hukimbilia waya wa shaba, mimi sikushauri. Unakwaruza ngozi, na ukinunua kwa usiyemjua huenda ni wa wizi. Chukua mpira mwembamba wa maji, uuzungushie karatasi ya rangi ya dhahabu, uache wazi nyuma ili avue mwenyewe.

Walinzi wa sinema wamenyoa kichwa, lakini yeye asinyolewe kama hataki. Asukwe tu, nywele zibane.

Mkuki uwe ufito mwepesi, ncha ya katoni, na muulize mwalimu kwanza. Kitambaa cha rangi za jeshi usikiguse kabisa, hata ukiuziwa bei ya bure: askari barabarani hataki kusikia habari za sinema.

Akiulizwa na wenzake kama walinzi wa namna hiyo waliwahi kuwepo, aseme ufalme wa Dahomey, Benin ya leo, ulikuwa na kikosi cha kweli cha wanawake wapiganaji.