Kashata Nzuri, Mpira Mzee

Tairi iliyonipasukia karibu na Chalinze ilikuwa na kashata, ile michoro ya mpira inayoshika barabara, kama imetoka dukani jana, na hizo kashata ndizo zilizonifanya niinunue. Ilikuwa ya mtumba, imepakwa dawa ikang'aa. Nikaingiza kidole kati ya kashata, nikaridhika, nikalipa.

Safari yenyewe, jua la saa nane mchana, Toyota IST yangu iko kwenye themanini. Ukalia mlio kama wa bunduki, usukani ukavutia kulia, na mbele naona lori linakuja. Sijui nani alinizuia kukanyaga breki. Niliukaza usukani tu, nikaachia mafuta mpaka gari likapungua mwendo lenyewe.

Fundi pancha aliyekuja kunisaidia wala hakuangalia kashata. Alifuta vumbi ubavuni, akatafuta namba ya kiwandani inayoanza na herufi DOT, akaweka kidole kwenye tarakimu nne za mwisho: 3809.

"Wiki ya 38, mwaka 2009. Bosi wangu, hii ni bibi."

Ubavu mzima ulikuwa na nyufa ndogondogo ambazo ile dawa ilizificha.

Tangu hapo, dukani naanza na namba hiyo. Mpira hukauka hata ukikaa stoo, kwa hiyo "mpya" ya muuzaji hainitoshi. Iliyozidi miaka miwili siichukui, na ikifikisha sita kwenye gari naitoa, kashata ziwepo zisiwepo. Wakati mwingine tarakimu hizo huandikwa upande mmoja tu. Mwambie aigeuze, hata akinuna.

Saizi isome kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Yangu ni 185/65R15 88S: hiyo 88 ni uzito ambao tairi inaweza kubeba, kilo 560 kwa kila moja, na S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Usikubali namba ya uzito iliyo chini ya hapo.

Na kama gari limetoka Japani juzi, chungulia ubavuni. Ukikuta STUDLESS, hizo ni tairi za theluji. Mpira wake ni laini, na kwenye lami ya moto ya Dar huisha upesi.

Upepo napima mwenyewe asubuhi, kabla tairi hazijapata moto. Muuzaji wangu wa sasa ameshanizoea: akiniona tu, anaanza yeye kugeuza ubavu.