Alteneta ya tatu na betri bado inachemka: chunguza waya wa S

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina Prado ya 1998, injini 1KZ ya dizeli. Betri inachemka na kutoa harufu ya yai viza, na balbu za taa kubwa haziishi kuungua. Nikipima kwenye betri injini ikinguruma napata volti 15.8 hadi 16.2. Nimebadilisha alteneta mara mbili, zote za mtumba, hali ni ileile. Kila mara fundi huchomoa kichwa cha betri gari likiwa linawaka. Lisipozimika anasema alteneta ni nzima. Mwanzoni taa ya betri ilikuwa inawaka kwenye dashibodi, fundi wa kwanza akaizima. Je, ninunue alteneta mpya kabisa? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Usinunue bado, ndugu yangu. Ni vigumu sana alteneta tatu kuugua ugonjwa uleule kwa volti zilezile. Huenda mgonjwa ni gari. Na dalili kubwa umeitaja mwenyewe: taa ya betri "ilizimwa". Swali ni ilizimwaje.

Nyuma ya alteneta yako, mbali na waya mnene wa B unaopeleka chaji kwenye betri, kuna soketi ya waya tatu: IG, S na L. IG huiamsha katauti (kidhibiti cha chaji kilicho ndani ya alteneta) unapowasha swichi ya funguo, L ni ya taa ya dashibodi, na S huenda betri kupitia fyuzi ndogo, mara nyingi ya ampea 7.5 yenye maandishi ALT-S. Kwa S katauti husoma betri ina volti ngapi, ndipo iongeze au ipunguze chaji. S ikikatika, katauti za aina hii hugundua, huwasha taa ya betri, na hujiongoza kwa kupima B. Taa ile ilikuwa inasema kweli.

Sasa fundi mvivu hatafuti waya ulipokatika. Anaumenya IG, anausokota pamoja na S, anazungusha selotepu nyeusi. Taa inazimika, analipwa, anaondoka. Lakini IG inapita kwenye swichi ya funguo yenye umri wa miaka zaidi ya 25, na swichi hiyohiyo inalisha vitu vingine. Umeme ukitoka betri ukiwa volti 16, unafika kwenye S ukiwa 14.3. Katauti inaona 14.3, inaridhika. Kazi yake inaifanya sawasawa. Habari inayopewa ndiyo ya uongo.

Pima hivi. Kwanza hakikisha betri ya mita yako si dhaifu, kwa sababu mita nyingi za bei nafuu husoma juu betri yake ikichoka. Washa injini, ipeleke kama mizunguko 2000 kwa dakika, soma volti kwenye betri. Kisha choma sindano ya mita nyuma ya soketi kwenye S, soketi ikiwa imechomekwa. Ukiichomoa kipimo hakitakuwa cha kweli, utadanganyika. Tofauti ikizidi volti 0.2, umempata mkosaji. Halafu washa waipa na feni: volti ya betri ikipanda badala ya kushuka kidogo, S inakula kwenye laini ya swichi.

Kama S na betri zinasoma sawa, zote 16, basi katauti imekufa kweli. Hiyo inauzwa peke yake pamoja na brashi zake, huhitaji alteneta nzima.

Kurekebisha: zima injini, toa hasi ya betri, tenganisha S na IG, vuta waya mpya wa milimita za mraba 1.5 kutoka S hadi chanya ya betri, fyuzi ya 7.5 ikae karibu na betri. Injini ikipoa au ikipata moto, utegemee kati ya 13.8 na 14.6. L usiipe umeme wa moja kwa moja bila balbu, utaunguza katauti. Mpangilio wa pini hutofautiana kati ya alteneta na alteneta, hivyo soma herufi kwenye mwili wake, usifuate rangi za waya.

Nije kwenye hilo la kuchomoa kichwa cha betri, maana linaniumiza kila ninapoliona. Injini ya zamani ya dizeli isiyo na kompyuta wala vali ya mafuta inayoshikiliwa wazi kwa umeme, ikishawaka haihitaji betri wala alteneta ili iendelee kunguruma, kwa hiyo kipimo hicho hakithibitishi chochote. Kwenye 1KZ yako, ambayo pampu yake ya dizeli inaongozwa na kompyuta, kutozimika kunaonyesha tu kwamba alteneta inatoa umeme. Hakisemi ni volti 14 au 17, na tatizo lako ndilo hilo.

Madhara yake sasa. Betri ndiyo inayomeza chaji. Ukiiondoa ghafla, usumaku ndani ya alteneta hauwezi kushuka papo hapo, na umeme uliokuwa unaingia betri unakosa pa kwenda. Volti huruka kupita 40, na kwenye alteneta isiyo na kinga huweza kukaribia 100, kwa sehemu ya sekunde. Hiyo inatosha kuua dayodi za alteneta, redio, au kompyuta ya pampu. Huenda alteneta ya pili ilikuja nzima ikajeruhiwa siku hiyohiyo. Tena betri inayochemka inatoa haidrojeni, na kichwa kikichomolewa kinatoa cheche palepale juu yake. Betri hulipuka namna hiyo, na tindikali humwingia mtu machoni.

Mita ya kawaida inajibu swali hilohilo kwa nusu dakika. Fundi akipeleka spana namba 10 kwenye kichwa cha betri injini ikinguruma, mzuie, hata kama ameshalipwa.