Dashibodi inasema asilimia 98, slabu haijamwagwa

SWALI: Habari mhandisi. Nasimamia saiti ya jengo la ghorofa sita hapa Mukono. Mchoraji wetu ana modeli ya BIM, yaani jengo zima la kidijitali lenye taarifa za kila kipande, kwenye programu ya Revit, mimi naandika kazi za kila siku kwenye Excel, na vyote viwili nimeviunganisha katika Power BI, programu ya kutengeneza dashibodi. Ghorofa ya tatu ina nguzo 40 za sentimita 40 kwa 40, kimo mita 3, pamoja na slabu moja ya mita za mraba 600, unene sentimita 15. Nguzo zote zimesimama, slabu haijamwagwa hata ndoo moja ya zege, lakini dashibodi inasema ghorofa imefika asilimia 98. Tena nguzo kadhaa za ghorofa ya nne, ambazo hatujazigusa, zinaonekana kijani, yaani zimekwisha. Mwenye jengo ameona na hana imani nasi tena. Nimekosea wapi?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Makosa ni mawili, na yote yanarekebishika wiki hii.

La kwanza ni hesabu. Dashibodi yako inahesabu vipande. Nguzo 40 na slabu 1 ni vipande 41. 40 vimekwisha, basi inapata asilimia 98. Sasa pima zege. Nguzo moja ni mita za ujazo 0.48, zote 40 ni 19.2. Slabu peke yake ni 90. Jumla ni 109.2, na mlichomwaga ni 19.2, yaani asilimia 18 hivi. Ujazo wa kila kipande umo tayari ndani ya modeli, kwa hiyo badilisha fomula ijumlishe ujazo badala ya kuhesabu mistari. Nondo zihesabiwe kwa kilo, kuta kwa mita za mraba, kila kazi kwa kipimo ambacho mkadiriaji wenu anakilipia.

La pili limejificha zaidi, nami liliwahi kunitesa siku tatu. Nadhani umeunganisha majedwali yako kwa kile kitambulisho chenye herufi 22 ambacho kila kipande hupewa katika IFC, muundo wa faili wa kubadilishana modeli kati ya programu. Katika kitambulisho hicho, herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti: kinachoishia na 3Xa ni nguzo moja, kinachoishia na 3XA ni nguzo nyingine. Power BI haioni tofauti hiyo. Kwake hizo ni nguzo moja, na hata VLOOKUP, fomula ya Excel ya kutafuta kitu kwenye jedwali, iko hivyo hivyo. Vipande vilivyochorwa kwa mfululizo mara nyingi hupishana herufi za mwisho tu, ndiyo maana nguzo ya ghorofa ya nne inabeba rangi ya mwenzake wa chini. Angalia mstari unaounganisha majedwali yako: ukikuta uhusiano ni wa wengi kwa wengi, yaani kitambulisho kimoja kinaonekana kujirudia pande zote mbili, wakati kila kipande kinapaswa kuwa na mstari mmoja tu upande wa modeli, umempata mwizi.

Dawa ninayoipenda ni kuacha kitambulisho hicho kabisa kwa kazi za saiti. Hakuna foromani atakayeandika herufi 22 huku amesimama juu ya jukwaa la mbao. Mpe msimbo anaoweza kuusoma kwenye mchoro: NG-03-C4, yaani nguzo, ghorofa ya tatu, makutano ya gridi C na 4. Mchoraji auweke kwenye sehemu ya Mark ndani ya Revit, ambayo humwonya vipande viwili vya aina moja vikipewa msimbo mmoja. Faida nyingine: mchoraji akifuta nguzo na kuichora upya, kitambulisho cha kompyuta hubadilika, lakini C4 inabaki C4.

Msimbo huo usiandikwe kwa mkono kila mara. Saiti zetu zina lugha nyingi. Nimeona jedwali moja lenye "nguzo", "empagi" na "kolamu", na kompyuta ikadhani ni vitu vitatu. Weka orodha ya kuchagua, foromani aguse tu kwenye simu. Angalia na tarehe pia. Kama kompyuta yako imewekwa kwa mtindo wa Marekani, 04/03 itasomwa Aprili 3, na kazi ya Machi itaruka mwezi mzima.

Halafu slabu. Mita 600 hamtazimwaga siku moja, hasa mvua hizi za Machi hadi Mei zikianza. Kama mmepanga kumwaga kwa awamu tatu, modeli nayo ikatwe vipande vitatu. Revit inaruhusu kugawa slabu bila kuichora upya. Kila kipande kipate msimbo wake, tarehe yake ya kumwagwa, na matokeo yake ya kupima nguvu ya mchemraba wa zege wa siku 7 na siku 28. Mimi sipaki kijani mpaka majibu ya siku 28 yarudi. Kabla ya hapo napaka njano, kwa sababu zege lililomwagwa si lazima liwe zege lililofaulu, na watu wataishi chini yake.

Ile picha ya jengo inayozunguka kwenye skrini iache kwa sasa. Inapendeza, lakini inachelewesha ukurasa kufunguka kwenye simu yenye mtandao dhaifu. Juu kabisa weka tarehe ya taarifa ya mwisho kutoka saiti, kwa maandishi makubwa. Umeme ukikatika siku mbili na foromani asitume kitu, mwenye jengo aone wazi kwamba anatazama hali ya juzi.

Na kabla hujagusa kompyuta, mpigie mwenye jengo simu leo. Mwambie ghorofa ya tatu iko asilimia 18 kwa ujazo wa zege, mweleze ile 98 ilitoka wapi, kisha mpeleke akaisimamie ile slabu yenyewe siku ya kumwaga.