Re: Kifaa kinatofautishaje vumbi na ukungu?

Ndugu, umeuliza leza ya kifaa cha kupima chembe za hewani inajuaje kama chembe ni vumbi au tone la ukungu ilhali macho hayaoni kitu. Siri iko kwenye namna mwanga unavyotawanyika. Tone ni tufe, kwa hiyo hutawanya mwanga kwa ulinganifu: panga vitambuzi vya mwanga kuuzunguka mwali wa leza, vyote vitasoma karibu sawa. Hesabu ya jinsi tufe linavyotawanya mwanga, mwanafizikia Mjerumani Gustav Mie aliimaliza mwaka 1908. Chembe ndefu, tuseme uzi wa asbesto, huvunja ulinganifu huo. Mwanga wake mwingi huangukia pembe mraba na urefu wake. Vumbi lenye kona kona hutoa madoa ovyo.

Ila mimi napenda njia ya pili: tuma leza ambayo mawimbi ya mwanga wake yanatikisika katika mwelekeo mmoja tu. Tone huirudisha vilevile, vumbi huivuruga.

Vile vidude vya bei nafuu vya kupima uchafu wa hewa havifanyi lolote kati ya hayo. Vina jicho moja, yaani kitambuzi kimoja tu, na kila chembe kwao ni tufe. Ndiyo maana asubuhi ya ukungu hapa Nakuru vinaweza kudai hewa ni chafu. Changu kiliwahi kulia nikichemsha maji ya ugali!