Maswali ya wasomaji: Baga au kuku, pesa yako inanunua nyama kiasi gani?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni baba wa watoto watatu na ninaishi Buruburu, Nairobi. Kila mwisho wa mwezi mimi na mke wangu huwapeleka watoto kula nje, na kila mara huzuka mvutano, kwa kuwa vijana wawili wakubwa hutaka baga, ilhali mama yao na kitindamimba hutaka kuku wa kukaanga. Ninayelipa ni mimi, na ninataka kujua ni chakula kipi kati ya hivyo viwili kinachonirudishia thamani ya pesa zangu.

JIBU: Marahaba, baba. Swali lako lina jibu linaloweza kupimwa kwa mizani. Watu wengi hulinganisha bei ya baga moja na bei ya vipande viwili vya kuku kana kwamba ni vitu vinavyolingana, ilhali kinachostahili kulinganishwa ni nyama inayobaki baada ya moto, mfupa na unga kuchukua sehemu yao.

Tuanze na baga. Uzito unaotajwa kwenye orodha ya vyakula kwa kawaida ni wa nyama mbichi. Baga ya McDonald's iitwayo Quarter Pounder, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1971, ilipewa jina hilo kwa sababu ya robo ratili ya nyama, yaani takriban gramu 113 kabla ya kuwekwa kwenye bamba la moto. Nyama hiyo inapoiva, maji na mafuta hutoka na karibu robo ya uzito wake hupotea, kwa hiyo mlaji hubaki na gramu 85 hivi. Zile baga ndogo za bei ya chini hutengenezwa kwa kipande cha takriban gramu 45 kikiwa kibichi, ambacho kikiiva hakizidi gramu 35. Mkate, majani ya saladi na vitunguu ndivyo vinavyoifanya baga ijae mkononi.

Sasa mchukue kuku wa broila aliyekwisha kusafishwa, mwenye uzito wa kilo moja na gramu mia mbili. Ukiondoa mifupa, na ukihesabu maji anayopoteza jikoni, utapata karibu nusu kilo ya nyama iliyoiva. Kwa hesabu hiyo, kuku mzima mmoja ni sawa na baga sita kubwa, au baga ndogo zipatazo kumi na tano. Chukua bei ya baga sita katika mkahawa mnaouzoea, kisha uilinganishe na bei ya kuku mzima. Katika mikahawa yote niliyowahi kula jijini Nairobi, kuku ameshinda, na mara nyingi ameshinda kwa mbali.

Hata hivyo, ushindi huo ni wa kuku mzima au wa ndoo ya vipande mchanganyiko. Ukinunua kipande kimoja kimoja, mambo hubadilika. Juma lililopita nilinunua bawa na paja la juu, nikavila polepole huku nikiweka mifupa kando ya sahani. Ganda la unga la lile bawa lilibanduka lote kwa mkupuo mmoja, likiwa limeshikana na ngozi, na chini yake nilikuta nyama ya matonge mawili tu. Paja nalo lilikuwa na mfupa mmoja mwembamba, na nyama yake ingeweza kumshibisha mtoto wa miaka minane pamoja na kipande cha ugali. Vipande hivyo viwili viliuzwa kwa bei moja. Kwa hiyo, mhudumu akikuuliza unataka vipande gani, taja kidari na paja, wala usione haya kufanya hivyo, maana ni haki yako.

Jambo jingine ni ule mlo wa pamoja, wenye vibanzi na soda. Hapo ndipo pesa nyingi za familia hupotea, kwa kuwa viazi na soda ndivyo vitu vinavyomgharimu mwenye mkahawa kidogo zaidi. Bila shaka unakumbuka jinsi matawi ya KFC nchini Kenya yalivyoishiwa na vibanzi mapema mwaka 2022 kwa sababu shehena ya viazi vilivyogandishwa kutoka ng'ambo ilichelewa, na jinsi Wakenya walivyokasirika wakiuliza wakulima wa Nyandarua wanalima nini. Mimi niliona walikuwa na haki ya kuuliza. Viazi vya shangi vilivyomenywa asubuhi na kukaangwa nyumbani ni vitamu, na gharama yake ni ndogo sana.

Ushauri wangu, basi, ni huu: nunua kuku mzima bila vinywaji, waongezee vijana wako baga moja waigawane, kisha mle nyumbani pamoja na kachumbari.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa chuo mjini Eldoret. Karibu na bweni letu kuna kibanda kinachouza baga kwa chini ya nusu ya bei ya mikahawa mikubwa. Rafiki zangu husema nyama ni nyama. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli, mwanangu, na hapa ndipo kuku anapoizidi baga kwa uaminifu. Kipande cha kuku chenye mfupa hakiwezi kukudanganya, kwa sababu ukikivunja unaona ni paja, ni bawa au ni shingo. Nyama ya kusaga huficha kila kilichotiwa ndani yake. Nchini Marekani, nyama inayouzwa kwa jina la hamburger hairuhusiwi kuzidi asilimia 30 ya mafuta, wala kuongezwa maji au vitu vya kuijaza. Wanaotaka kuchanganya vitu hivyo hulazimika kuiuza kwa jina jingine.

Njia ya kupima ni rahisi. Fungua mkate, ukate kipande kidogo cha nyama na ukiponde kwa uma. Nyama ya ng'ombe isiyochanganywa huvunjika kuwa chembechembe zisizolingana na hutoa mchuzi kidogo. Ile iliyojazwa chengachenga za mkate, mayai na vitunguu huwa laini, hurudi ukiibonyeza, na haina mchuzi. Chakula cha namna hiyo tunakijua vizuri sana, na mama zetu wa pwani hukiita kababu. Kababu ni chakula kizuri, nami hukipika mara kwa mara, lakini kiuzwe kwa bei ya kababu. Kama kibanda chenu kinauza kababu ndani ya mkate kwa nusu ya bei, pengine hamjapunjwa, mradi mjue mnachokula.

Tazama pia mafuta ya kukaangia. Mafuta yaliyotumika kupita kiasi huwa meusi, hutoa povu linalokataa kutulia, hufuka moshi mapema na huacha ladha ya ukakasi kooni. Nilipofanya kazi jikoni katika mkahawa mmoja, ambao sitautaja, sufuria moja ilitumika siku nyingi kupita kiasi, na hakuna viungo vilivyoweza kuficha jambo hilo.

SWALI: Mimi ni mama wa Kisauni, Mombasa. Mwanangu alimega paja la kuku wa kukaanga akakuta wekundu karibu na mfupa, akakataa kula. Niliambiwa mkahawani kwamba kuku alikuwa ameiva. Je, nilidanganywa?

JIBU: Mama, inawezekana ulielezwa ukweli. Broila wengi huchinjwa wakiwa na umri wa wiki tano au sita, na mifupa yao huwa bado haijakomaa. Kuku anapogandishwa na kisha kupikwa, rangi ya uboho hupenya mfupa huo laini na kutia nyama ya karibu rangi nyekundu au ya zambarau. Kuku wa kienyeji aliyekomaa haonyeshi sana jambo hilo. Kwa hiyo rangi peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Kipimo cha hakika ni joto la nyuzi 74 za Selsiasi katika sehemu nene ya nyama. Kwa kuwa hutembei na kipimajoto mkobani, tazama nyama yenyewe: ikiwa bado inang'aa, inavutika kama mpira na imeng'ang'ania mfupa, irudishe, nawe usikubali kubembelezwa.

Kwa baga kuwa mkali zaidi. Kipande kizima cha nyama huwa na vijidudu juu yake, mahali ambapo moto huvifikia kwanza, lakini mashine ya kusaga huvichukua na kuvipeleka mpaka katikati. Mwaka 1993, magharibi mwa Marekani, zaidi ya watu 700 waliugua na watoto wanne wakafariki kutokana na bakteria ya E. koli, na chanzo kilikuwa baga za mikahawa ya Jack in the Box ambazo hazikuiva vya kutosha. Nyama ya kusaga inapaswa kufikia nyuzi 71 katikati, na mtoto asipewe baga ambayo kiini chake bado ni chekundu na cha ubaridi.

SWALI: Je, baga ya kuku ina nafasi gani katika hesabu hizi? (Msomaji wa Thika)

JIBU: Hutegemea kama ni mnofu mzima wa kidari au ni kuku aliyesagwa akafinyangwa. Kivute kipande kwa vidole viwili. Mnofu hufuata nyuzi zake na kuchanika kwa urefu, ilhali kilichofinyangwa hukatika mahali popote kama mkate. Mnofu mzima hauna mfupa wa kutupa, na ukiuzwa kwa bei ya baga ya kawaida, mimi huununua bila kusita.