Leseni kwanza, lori baadaye: kwa wauguzi wanaohamia Arizona

Kila Januari, Minneapolis ikigandisha hadi hasi 20, simu zinaanza. "Dada, nimechoka na theluji. Nimepata nyumba Phoenix, nahama mwezi ujao." Nikiuliza habari za leseni, kimya. Wadogo zangu, nawapenda na nawataka huku, lakini hili nimelisema mpaka koo limekauka.

1. Minnesota haimo kwenye mkataba wa majimbo unaomruhusu RN (muuguzi aliyesajiliwa) kuvuka mpaka na leseni moja. Arizona imo, lakini hilo halikusaidii wewe unayetoka nje ya mkataba. Unaiomba bodi ya uuguzi ya Arizona, unatoa alama za vidole, unasubiri. Omba na leseni ya muda papo hapo.

Mimi nilikuja bila leseni ya Arizona. Niliamini nikishakuwa RN wa Marekani basi ni Marekani nzima. Nikaacha kazi, nikasaini mkataba wa kupanga nyumba wa mwaka mzima, nikapakia watoto. Meneja aliyenipa ofa aliniomba namba ya leseni ya Arizona, sina. Tarehe ya kuanza ikasogezwa, ikasogezwa tena, kisha nafasi akapewa mwingine. Nikaingia kazi ya ghalani, shifti ya usiku, huku kodi ya nyumba ikila akiba yote. Kilichoniuma zaidi kilikuwa Morogoro. Mdogo wangu alikuwa mwaka wa mwisho chuoni na ada yake ilikuwa juu yangu. Nikamwambia benki ina matatizo. Wiki iliyofuata nikamwambia hivyo hivyo. Akazuiwa kuingia kwenye mtihani. Alipokuja kuujua ukweli hakunigombeza, alisema tu, "Ungeniambia, dada, ningekwenda kwa mjomba." Mjomba alikuwa na uwezo na angetoa siku ile ile. Aibu yangu ndiyo iliyomgharimu kijana muhula.

Kwa hiyo ukinipigia kuniambia umeshakodi lori, usishangae nikipandisha sauti.

2. Msihame Julai. Mwaka 2023 Phoenix ilipata siku 31 mfululizo zilizofika nyuzi 43 au zaidi. Kiangazi cha huku ndiyo baridi yenu ya kule: mnajifungia ndani, watoto wanacheza kabla jua halijachomoza, betri ya gari inakufa bila taarifa. Someni mpango wa umeme kabla ya kuuchagua, maana jioni ndipo bei inapopanda. Ipozeni nyumba mapema mchana. Akiba ya bili hizo iwekeni wakati wa Machi. Faida ya kuvumilia kiangazi hicho mtaiona Januari, mtoto akiwa nje na fulana, na kwenye hati ya mshahara: kodi ya mapato ya jimbo ni asilimia 2.5 tangu 2023.

3. Dhoruba ya vumbi ikiwakuta barabarani, tokeni kabisa nje ya lami, zimeni taa zote, ondoeni mguu kwenye breki. Wa nyuma yenu hufuata taa akidhani bado mnakwenda.

4. Kikohozi kisichoisha, mwambieni daktari mnaishi Arizona na ombeni kipimo cha homa ya bonde, ile ya kuvu wa udongoni. Sisi wauguzi ndio wabaya zaidi hapa. Dada mmoja wa shifti yetu alijitibu mafua mpaka akashindwa kupanda ngazi.

5. Arizona haibadilishi saa. Dar iko mbele kwa saa kumi mwaka mzima, kwa hiyo saa mbili usiku ya huku mama anaamka kule. Mpigieni wakati huo.

Na CNA (wasaidizi wa wauguzi wenye cheti), msidhani namba moja ni ya RN peke yao. Cheti chenu nacho kinapita kwa bodi ile ile, na nyumba za kulelea watu wenye ulemavu zinadai kadi ya alama za vidole. Iombeni mngali na mshahara wa Minnesota.